Jimu ya ghorofani Ngamiani: kilo karibu zile zile, kiuno kingine

Wateja wangu wananiuliza kila wanapoleta vitambaa: ile jimu unayokwenda asubuhi inafaa? Inafaa. Lipa, nenda. Ila karatasi ya mashine yao ya kupimia mafuta ya mwili isikukoseshe usingizi, na usinunue kopo lolote linalouzwa pale mapokezi. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana ada yake naitoa kwenye fedha ya sindano, na kila shilingi yake naijua ilikotoka.

Iko Ngamiani hapa Tanga, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ngazi ni za saruji, zimesimama wima, na upande mmoja hazina pa kushika. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, au 3,000 kwa siku kwa anayetaka kuonja kwanza. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne ni zamu ya wanawake tu: mapazia yanashushwa, mlangoni anakaa binti, na mwanamume pekee anayeingia ni mwalimu. Siku za Jumanne na Alhamisi mwalimu mwenyewe ni mwanamke. Kwa sisi tunaovaa baibui, hilo ndilo swali la kwanza, na pale limejibiwa vizuri. Vyombo ni vya kutosha: vyuma vya mkononi vya kila uzito, vyuma virefu, mabenchi, mashine ya kuvuta kwa kamba, baiskeli tatu, tredimili mbili ambazo moja huwa na karatasi ya "mbovu" imebandikwa, na mikeka. Choo ni kisafi. Bafu lina maji siku nyingi, si zote.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, madera, na nguo za shughuli. Msimu wa sare, tangu Novemba hadi shule zifunguliwe Januari, naweza kukaa kitini kutoka alfajiri mpaka watoto wa jirani wamelala. Kazi hii inakula mgongo na shingo, hilo kila fundi analijua. Kinachozungumzwa kidogo ni uchovu wake. Hubebi mzigo, hulimi, umekaa tu, lakini ikifika saa nane mchana, baada ya wali na maharage ya nazi, mwili unakuwa kama umejazwa mchanga. Macho yalikuwa yananifunga nikiwa na mkasi mkononi.

Kabla ya kulipa ada nilipita zahanati nikapima presha, sukari na wingi wa damu, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo hivyo. Uchovu una milango mingi. Mwanamke mwenye upungufu wa damu akienda kunyanyua vyuma bila kujua atazidi kuchoka, kisha aseme mazoezi hayamfai, kumbe alichohitaji kwanza ni madini ya chuma. Sukari nayo huanza kwa uchovu wa namna hiyo hiyo. Vipimo vyangu havikuwa na tatizo, nikapanda zile ngazi.

Mwalimu wa asubuhi ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, na ana adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama unataka kupungua au unataka nguvu?"

Nikamwambia nataka ifike saa kumi jioni nikiwa bado naona tundu la sindano. Hakucheka. Aliandika maneno hayo hayo kwenye kadi yangu, sehemu ya "lengo", na mpaka leo yapo. Kisha akauliza kama nina maumivu ya goti, kama nimewahi kupasuliwa, dawa ninazotumia, saa ninazolala. Jimu nyingi huanza na mizani. Huyu alianza na maswali, na kwa hilo peke yake nampa sifa.

Mizani ilikuja baadaye. Unavua viatu na soksi, unakanyaga vibati viwili vya chuma, unashika mikono miwili, unasubiri, mashine inatoa karatasi. Humo kuna uzito, asilimia ya mafuta, kilo za misuli, maji, daraja la mafuta ya tumboni, na kitu wanachokiita umri wa mwili. Yangu iliandika kilo 78, mafuta asilimia 41, umri wa mwili miaka 57. Mimi nina miaka 46. Dada aliyepima kabla yangu alikuwa amesimama pembeni, anaikunja karatasi yake, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama irizi, akaitia ndani ya sidiria. Hakurudi wiki iliyofuata. Ndiyo sababu naandika sehemu hii kwa kirefu.

Mashine hiyo haiyaoni mafuta. Inapitisha mwilini umeme mdogo sana, hata husikii. Misuli ina maji mengi, kwa hiyo umeme unapita kwa urahisi. Mafuta yana maji kidogo, kwa hiyo yanauzuia. Kutokana na kizuizi hicho, pamoja na kimo, umri na jinsia ulivyoandikishwa, mashine inakadiria kwa hesabu waliyoiweka watengenezaji wake. Ni makadirio. Ukinywa maji mengi, ukitoka jasho, ukitoka kula, ukikaribia siku zako ambapo mwili hushika maji, namba zinasogea. Nilipima kabla ya kunywa chochote, nikapima tena asubuhi hiyo hiyo baada ya mazoezi na chupa nzima ya maji, asilimia ya mafuta ikatofautiana kwa zaidi ya mbili. Hakuna binadamu anayepata au kupoteza mafuta kiasi hicho kwa saa moja. Ule umri wa mwili nao unatoka kwenye hesabu hiyo hiyo. Mashine haikuangalia moyo wako, wala mishipa, wala mifupa.

Haimaanishi mashine ni ya kutupa. Ukipima saa ile ile, kabla ya kula, umetoka chooni, hujafanya mazoezi, mara moja kwa mwezi, mwelekeo wake unasema kitu. Karatasi moja haisemi mengi. Na kuna jambo wanapaswa kulibandika ukutani pale, hawajalibandika: mjamzito, na mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, asikanyage mashine hiyo.

Kwangu kipimo cha kuaminika ni futikamba, nami naivaa shingoni tangu usichana. Lakini kiuno cha nguo si kiuno cha afya. Mimi nikimpima mtu gauni nafuata pale anapobana zaidi. Kipimo cha afya kinachukuliwa katikati, baina ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, umesimama wima, umetoa pumzi kawaida, futi imelala bila kukaza. Shirika la Afya Duniani linaanza kutahadharisha kwa mwanamke kiuno kikivuka sentimita 80, na kwa mwanamume sentimita 94. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, mwaka 2022, ilitoa kipimo rahisi zaidi kukumbuka: kiuno kisifike nusu ya kimo chako. Sababu ni kwamba mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara kama yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayokwenda pamoja na kisukari, presha na maradhi ya moyo. Mizani ya kawaida haiwezi kuyatofautisha. Wifi zangu wawili wana kilo zinazokaribiana na kimo kimoja. Mmoja kiuno chake ni 79, mwingine 96. Ukiwaangalia kwa kilo ni pacha. Kwenye daftari langu la vipimo ni watu wawili tofauti kabisa.

Na hapa nina hadithi ambayo kila fundi nguo aijue. Daktari Mwingereza Jerry Morris, mwaka 1953, alitoa utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima kukata tiketi. Makonda walikuwa na maradhi machache ya moyo kuliko madereva. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakaenda mbali zaidi: wakachukua vipimo vya sare. Suruali za kazi, za kampuni, zilizoshonwa kwa ukubwa wa kiuno cha kila mtu! Ikaonekana madereva wanavaa viuno vikubwa kuliko makonda wa umri wao. Sasa mtu angesema, basi siri ni wembamba. Lakini nafuu ya makonda haikuelezwa na wembamba peke yake. Konda mwenye kiuno kipana naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kiuno kama chake. Mwendo wenyewe ulikuwa unafanya kazi, hata pale mwili haukuonekana kubadilika. Niliposoma hayo niliangalia kiti changu, kile chenye mto wa vipande vya kitenge, nikajua mimi ni dereva.

Basi kazi yenyewe ya jimu. Mwezi wa kwanza mwalimu hakunipa chuma chochote kizito. Nilichuchumaa na kuinuka kwenye benchi, nikapiga pushapu za ukutani, nikavuta ile kamba ya mashine kuleta kifuani, nikatembea kwenye tredimili iliyoinuliwa mbele. Siku alipotaka nianze kunyanyua kutoka sakafuni, alikwenda kuchukua mpini wa ufagio. Akaulaza mgongoni kwangu, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu kidogo ya makalio. "Mama inama, lakini usiutoe popote." Niliinama kama ninavyoinama kuokota pini, mpini ukatoka kisogoni mara moja. Tukarudia. Nilipoelewa kwamba makalio ndiyo yanarudi nyuma na mgongo unabaki umenyooka, nikasikia mapaja ya nyuma yanavutika, mahali ambapo sikuwa nimepasikia miaka mingi. Wiki nzima hakuna chuma, ni mpini tu. Baadaye ndipo vyuma vikaja, kidogo kidogo. Siku hizi jora la kitambaa cha sare nalinyanyua kutoka sakafuni hadi mezani mwenyewe, simwiti kijana wa dukani, na mgongo haulalamiki.

Kwa nini vyuma, kwa mwanamke wa umri wangu? Kwa sababu misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka ya thelathini kwa mtu asiyeitumia, na ikifika uzeeni inakimbia. Anayeona bibi hawezi kuinuka kwenye kigoda husema ni umri. Sehemu kubwa ni misuli iliyokwisha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu ya hapo afanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Wengi wetu tunashika ile nusu ya kwanza, tunatembea Raskazone jioni na upepo wa bahari, tunaridhika. Ni vizuri sana. Nusu ya pili ndiyo inayokosekana.

Sasa nguvu, maana ndiyo niliyoifuata. Wiki mbili za mwanzo nilichoka zaidi, na mtu asikudanganye. Ngazi za kurudi chini nilishuka ubavu ubavu. Kisha taratibu ile saa nane ya mchana ikaanza kubadilika. Mwalimu alinieleza, nami nikaenda kusoma: chakula cha wanga kikigeuka sukari kwenye damu, mteja mkubwa wa sukari hiyo ni misuli. Misuli iliyolala huipokea kwa uvivu. Misuli iliyofanya kazi huivuta, hata bila kuhitaji insulini nyingi, na hali hiyo huendelea saa nyingi baada ya zoezi. Ndani ya misuli kuna vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria, ndivyo vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu, na mazoezi ya kurudia huviongeza. Moyo nao hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo kazi ile ile haikuhemeshi. Na usingizi: nilikuwa nalala kwa muda wa saa saba naamka nimechoka; sasa nalala muda huo huo, lakini nalala kweli. Nimeongeza pia jambo moja dogo ambalo si la jimu. Baada ya chakula cha mchana natembea hadi barabara ya pili na kurudi kabla ya kukaa kwenye cherehani. Kutembea baada ya kula hupunguza kupanda kwa sukari, na kwangu usingizi wa mchana umebaki kidogo sana.

Kilo? Baada ya miezi kadhaa, kutoka 78 zimefika 76. Basi. Kiuno kimetoka 97 hadi 90. Kimo changu ni sentimita 158, kwa hiyo nusu ya kimo bado naiona kwa mbali, lakini madera yangu mwenyewe nimeyapunguza mishono ya ubavuni. Watu wanaodhani jimu ni mashine ya kupunguza kilo wataondoka wamekasirika, na wengi huondoka. Kwa nini kilo hazishuki sana? Jibu zuri linatoka kwetu Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea na kuchimba mizizi na kuwinda kila siku. Walitarajia wangekuta wanatumia nguvu nyingi mno. Wakakuta jumla ya nguvu wanazotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, inalingana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili unajua kubana matumizi mahali pengine. Hata hivyo Wahadza wana presha nzuri na mioyo mizuri hadi uzeeni. Kilo zinaamuliwa zaidi na sahani. Afya na nguvu zinahitaji mwendo. Mimi sahani yangu nimeibadilisha kidogo tu: chai ina kijiko kimoja cha sukari, chapati za asubuhi zimekuwa moja na yai, na dagaa au samaki hawakosekani mchana, kwa sababu misuli hujengwa kwa protini na Tanga hatuna haja ya kuitafuta mbali.

Malalamiko yangu. La kwanza, biashara ya mapokezi. Binti wa pale ana makopo ya unga wa protini, majani ya chai ya "kuyeyusha mafuta", na mikanda ya tumboni ya kutoa jasho. Jasho ni maji. Ukinywa glasi mbili yamerudi. Hakuna mkanda wala zoezi linalochagua kutoa mafuta ya tumbo peke yake. Mwili ndio unaamua utoe wapi kwanza. Hiyo chai haina maelezo ya kueleweka ya kilichomo, na kwa mtu wa presha au mwenye dawa za sukari inaweza kuleta madhara. Unga wa protini si sumu, lakini bei ya kopo moja inanunua dagaa, mayai na maharage ya familia kwa muda mrefu. Nimemweleza mwenye jimu ana kwa ana, akasema atafikiria. Makopo bado yapo.

La pili, jioni usiende kama huna uzoefu. Wanajaa, mwalimu mmoja kwa watu wote, muziki juu, vijana wanashindana kubeba, vyuma havirudishwi mahali pake. Jirani yangu aliyeanza jioni hakuelekezwa chochote, akaumia bega, akaacha. Asubuhi ni jimu nyingine kabisa.

Feni pia. Zipo mbili, na Machi ya Tanga haishindwi na feni mbili. Wafungue madirisha ya upande wa nyuma, pazia jepesi linatosha kusitiri.

Mtu wa magoti mabovu aende, ila aseme mapema. Mwalimu ana mazoezi ya kukaa na anajua kuyapanga. Waliojifungua karibuni wapate kwanza ruhusa ya kliniki. Wazee, nawaomba kwa dhati, msijione mmechelewa: yupo bibi mmoja wa zaidi ya miaka sabini anayekuja na mjukuu wake, anainuka kwenye benchi bila kushika kitu, akiwa na chuma cha kilo mbili kila mkono, na misuli huitikia mazoezi hata katika umri huo.

Nipo pale Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu. Anayetaka kuja nami apitie kwangu kwanza nimpime kiuno, bure, niandike kwenye daftari na tarehe. Mje na taulo, chupa ya maji na raba bapa zisizo na soli nene. Kufuli la kabati mnunue wenyewe, la pale halifungi.